Mlima wa mabilioni na hisa ya senti kumi

Mjomba wangu wa Msambweni alinijia Ijumaa baada ya swala, karatasi mbili zimekunjwa mfukoni mwa kanzu. Hakutaka hata kahawa kwanza. Alizitandaza mezani, akazilaza kwa kiganja, akaniambia nisome.

Zilikuwa karatasi za kampuni ndogo iliyodai kuwa na kibali cha kutafuta madini katika kilima kimoja huku kwetu. Hesabu yake ilikuwa fupi. Chini ya kilima mna madini ya shilingi bilioni 90. Kampuni ina hisa milioni 30. Gawanya, na kila hisa ina "thamani halisi" ya shilingi 3,000. Lakini kwa marafiki wa mwanzo, hisa ni shilingi 200 tu. Mjomba alikuwa na shilingi 300,000 zilizobaki katika kiinua mgongo chake cha bandarini. Hizo zingempa hisa 1,500, na kwa hesabu ya karatasi zile angekuwa na milioni nne na nusu.

"Wewe ndiye uliyesomea hesabu," akasema. "Nimegawanya mara tatu na jibu ni lile lile. Kosa liko wapi?"

Nikamwambia, "Kugawanya kwako hakuna kosa, mjomba. Kosa liko katika kile unachokigawanya."

Tuliongea hadi adhana ya alasiri. Tangu siku ile nimeulizwa jambo hilo hilo na watu wengine wawili, mmoja Ukunda na mmoja Likoni, kwa hiyo nimeona bora niliandike. Sisi wa Kwale na Mombasa tumeishi na habari za madini kwa miaka mingi, lakini mara chache mtu huketi akatueleza jinsi fedha zinavyohesabiwa kutoka mchangani hadi kwenye hisa.

Tuanze na mlima tunaoujua. Mwaka 2013, kampuni ya Cortec iliyokuwa na leseni ya Mrima, kule Lunga Lunga, ilitangaza kwamba madini adimu yaliyomo humo yana thamani ya dola bilioni 62.4. Hiyo haikuhesabu niobiamu, madini yanayotiwa kwenye chuma ili kiwe kigumu. Habari ilizunguka dunia nzima. Hapa nyumbani watu walipiga hesabu za barabara, hospitali na vyuo. Nakumbuka kijana mmoja katika matatu ya Ukunda akisema kila Mdigo atapata nyumba ya ghorofa.

Dola bilioni 62.4 zilipatikanaje? Unachukua tani za mwamba zinazokisiwa kuwemo mlimani. Unazidisha kwa kiasi cha madini katika kila tani. Unazidisha tena kwa bei ya madini hayo yakiwa yamekwisha kusafishwa na kuwekwa kwenye soko la dunia. Basi. Hakuna hata senti moja iliyotolewa kwa kuchimba, kuponda, kusafisha, kusafirisha, kulipa ushuru wala kungoja. Ni sawa na mtu asimame ufuoni Gazi, akisie tani za samaki walio kati yake na Pemba, azidishe kwa bei ya changu katika soko la Kongowea, kisha aseme, "Mimi ni tajiri." Hana mashua, hana nyavu, hana barafu.

Mfano wa samaki sikuubuni mimi. Waliosoma madrasa wanajua kwamba wanachuoni wetu walikwisha kulizungumza jambo hili karne nyingi zilizopita, waliposema haifai kumuuza samaki aliye baharini wala ndege aliye angani, kwa sababu mnunuzi hajui anachokinunua na muuzaji hawezi kukikabidhi. Sitoi fatwa hapa kuhusu hisa za madini. Hilo ni la masheikh. Nasema tu kwamba wazo lenyewe si geni kwetu.

Sasa, kampuni iliyokuwa nyuma ya Cortec iliuzwa kama hisa katika soko dogo la Kanada. Mtu angedhani kwamba kampuni yenye mlima wa dola bilioni 62 ingekuwa miongoni mwa kubwa duniani. Haikuwa hivyo. Ilibaki kampuni ndogo, na waliokuwa wakinunua na kuuza hisa zake walijua kwa nini. Kwanza, bei ya madini adimu ilikuwa imepanda sana mwaka 2010 na 2011 China ilipobana mauzo yake ya nje, kisha ikaporomoka. Pili, niobiamu ya dunia hutoka Brazil karibu yote, na soko lenyewe ni dogo. Ukimwaga mzigo mkubwa sokoni unaivunja bei uliyoitumia kupigia hesabu. Tatu, Mrima ni msitu wa hifadhi na kaya ya wazee, na mwamba wake una miale ya asili inayofanya usafishaji kuwa kazi nyeti na ghali. Na nne, leseni.

Agosti mwaka huo huo wa 2013, Waziri wa Madini wa wakati huo, Najib Balala, aliifuta leseni. Kampuni ilikwenda mahakamani, ikashindwa. Ikaipeleka Kenya mbele ya baraza la usuluhishi wa uwekezaji la Benki ya Dunia ikidai fidia kubwa, na Oktoba 2018 ikashindwa tena, kwa sababu baraza liliona leseni haikupatikana kwa mujibu wa sheria. Mlima uko pale pale. Hakuna aliyechukua hata kokoto. Lakini hisa bila leseni halali ni karatasi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye kukuuzia hisa ya madini ni hili: haki ya kuchimba unayo, au unayo haki ya kutafuta tu? Kibali cha kutafuta si leseni ya kuchimba, na kati ya hivyo viwili kuna miaka na kuna wengi waliokwama njiani.

Tukija kwenye madini yenyewe, kuna neno "kukisia" ambalo wauzaji hulipitia mbio. Mtaalamu wa miamba haoni chini ya ardhi. Anachoronga mashimo, anatoa sampuli, anazipeleka maabara, kisha anakadiria kilichoko kati ya shimo na shimo. Mashimo yakiwa mbalimbali, makadirio ni dhaifu. Yakiwa karibu karibu, yana nguvu. Australia, kanuni zinazoitwa JORC zimekuwapo tangu 1989, na zinalazimisha kampuni kusema wazi daraja la makadirio yake. Ya chini kabisa ni rasilimali iliyokisiwa. Juu yake kuna iliyoonyeshwa, kisha iliyopimwa. Lakini zote tatu ni rasilimali tu, maana yake kitu kipo na kuna matumaini ya maana ya kukitoa. Neno la uzito ni akiba. Akiba ni ile sehemu ya rasilimali ambayo mahesabu ya gharama, bei, sheria na mazingira yameonyesha kwamba inaweza kuchimbwa kwa faida. Kampuni inaweza kuwa na rasilimali ya kuzamisha meli na akiba sifuri.

Kanuni hizi hazikuletwa na malaika. Miaka ya 1990 kulikuwa na kampuni ya Kanada, Bre-X, iliyodai kupata dhahabu Busang, katika misitu ya Indonesia. Makadirio yalipanda kila baada ya miezi hadi yakafika wakia milioni 70, na kampuni ikathaminiwa kwa zaidi ya dola bilioni 6 za Kanada. Mwaka 1997 wakaguzi huru walipochoronga mashimo yao wenyewe, dhahabu haikuwepo. Sampuli zilikuwa zimenyunyiziwa dhahabu ya kutoka nje kabla ya kufika maabara. Wastaafu walipoteza akiba zao za maisha, na Kanada ikaweka kanuni kali zaidi mwaka 2001, ikiwemo kwamba ripoti lazima iwe na jina na saini ya mtaalamu anayewajibika. Karatasi za mjomba hazikuwa na jina la mtaalamu yeyote. Ziliandikwa "wataalamu wamethibitisha".

Tuchukulie basi kwamba madini yapo kweli, yamepimwa, na leseni ni halali. Je, sasa tunaweza kugawanya? Bado. Nilimchorea mjomba kilima cha kubuni nyuma ya karatasi yake mwenyewe, na naomba msomaji avumilie tarakimu kidogo, kwa sababu siri yote imo humu.

Kilima chetu kina mchanga tani milioni 100, na asilimia 3 yake ni madini mazito, yaani tani milioni 3. Bei ya wastani ni dola 250 kwa tani. Kwa mtindo wa Mrima, kilima kina dola milioni 750. Kampuni ina hisa milioni 100, kwa hiyo kila hisa ni dola 7 na nusu. Hapo ndipo muuzaji anapofunga kitabu. Sisi ndio kwanza tunakifungua.

Mtambo haukamati kila chembe. Tuseme unakamata asilimia 80; tani zinazouzika ni milioni 2.4. Tukichimba miaka 10, ni tani 240,000 kwa mwaka, mauzo ya dola milioni 60. Kuchimba, kuchekecha, umeme, mishahara, malori na bandari vinakula dola 130 kwa kila tani, jumla milioni 31.2. Mrabaha wa serikali, tuseme asilimia 5 ya mauzo, milioni 3. Zinabaki milioni 25.8. Kujenga mgodi, mtambo, barabara na bwawa kunahitaji dola milioni 150, ambazo tunazigawa miaka 10 kama uchakavu wa milioni 15 kila mwaka. Ushuru wa faida ukiwa asilimia 30 ya kile kinachobaki baada ya uchakavu, ni kama milioni 3.2. Kwa hiyo kila mwaka zinaingia mfukoni dola milioni 22.6, na kwa miaka 10 ni milioni 226. Toa milioni 150 za ujenzi, faida ni milioni 76.

Milioni 750 zimekuwa 76. Mjomba alikuwa tayari kukubali hapo. "Si haba," alisema.

Lakini fedha hizo haziji leo. Shilingi 100,000 utakazopewa baada ya miaka 10 si sawa na shilingi 100,000 za leo, na asiyetaka kusikia harufu ya riba na achukue mfano wa nyumba ya kupangisha. Fedha zako zingekuwa kwenye vyumba viwili Diani zingekuletea kodi muda wote huo, bila hofu ya bei ya China. Anayezifungia mgodini anataka walau asilimia 10 kwa mwaka kwa ajili ya kungoja na kuhatarisha. Kwa kiwango hicho, 100,000 ya mwaka wa kumi leo ina thamani ya kama 38,500 tu. Ukizipunguza milioni 22.6 za kila mwaka kwa namna hiyo na kuzijumlisha, unapata kama dola milioni 139. Ujenzi unagharimu milioni 150, na hizo zinatoka leo.

Kilima cha dola milioni 750 kina thamani iliyo chini ya sifuri, hasara ya milioni 11. Madini yapo, na mwenye akili hachimbi.

Hapa mjomba alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ni zuri kuliko langu. "Na bei ikipanda?"

Bei ikipanda kwa asilimia 20 tu, kutoka dola 250 hadi 300, mauzo ni milioni 72 kwa mwaka. Baada ya gharama, mrabaha na ushuru zinabaki kama milioni 30.5. Kwa thamani ya leo ni milioni 188, na baada ya ujenzi kinabaki kilima chenye thamani ya milioni 38. Bei imepanda moja ya tano na kilima kimetoka kwenye hasara hadi kwenye faida nono. Ndiyo maana hisa za kampuni ndogo za madini hurukaruka kuliko bei ya madini yenyewe. Na kinyume chake ni kweli. Tuseme mtambo umejengwa kwa bei hiyo nzuri, kisha kesi au mgogoro wa ardhi ukausimamisha miaka 3 kabla ya tani ya kwanza kutoka. Milioni 188 zinashuka hadi 141, na tumerudi kwenye hasara. Wanakijiji wanaposema "tulipwe kwanza" na kampuni ikawapuuza, mwanahisa wa London anaumia bila kujua Nguluku iko wapi.

Sasa ndipo tunaweza kugusa hisa. Milioni 38 kwa hisa milioni 100 ni senti 38 za dola. Lakini swali: milioni 150 za ujenzi zinatoka wapi? Kampuni haina. Sokoni hisa yake inauzwa senti 10, maana kampuni nzima ina thamani ya dola milioni 10. Ikikopa milioni 90, milioni 60 zilizobaki itazipata kwa kuuza hisa mpya. Kwa senti 10, hizo ni hisa mpya milioni 600. Wewe uliyekuwa na fungu moja katika mia, sasa una moja katika mia saba. Thamani ya mapato, milioni 188, ukitoa deni la milioni 90 zinabaki 98. Gawanya kwa hisa milioni 700: senti 14.

Tulianza na dola 7 na nusu, tumefika senti 14, tena kwa bei nzuri na kila kitu kikienda sawa. Kama uwezekano wa mgodi kujengwa ni nusu kwa nusu, basi senti 14 nazo ni nyingi. Soko lililokuwa likiuza kwa senti 10 halikuwa la wajinga.

Hiki kipengele cha hisa mpya ndicho kinachowaumiza wengi na ndicho kisichotajwa. Mtu anakuuliza kampuni ina madini kiasi gani. Wewe muulize itakuwa na hisa ngapi siku mgodi utakapofunguliwa, pamoja na hisa walizoahidiwa wakurugenzi kwa bei ya chini.

Msomaji anaweza kusema kilima changu nimekipanga ili nishinde hoja. Basi tuutazame mgodi wa kweli, ule wa Kwale. Kampuni ya Kanada, Tiomin, iliutafiti mchanga ule tangu miaka ya 1990. Mashimo yalichorongwa, tani zikajulikana. Fedha za ujenzi zikashindikana. Mwaka 2010 kampuni ya Australia, Base Resources, iliununua mradi mzima kwa takriban dola milioni 3. Milioni tatu, kwa madini yale yale ambayo baadaye yalijaza meli baada ya meli pale Likoni. Kisha ikatumia takriban dola milioni 310 kujenga. Meli ya kwanza iliondoka mapema 2014. Thamani haikuwa imelala mchangani ikingoja kuokotwa. Ilitengenezwa kwa fedha, barabara, mabwawa, mikataba na watu.

Mgodi ulifungwa Desemba 2024, na si kwa sababu chembe ya mwisho ilikuwa imetoka. Tuta la kaskazini lilipimwa, likahesabiwa, na sehemu yake kubwa imebaki ilivyo. Madini yaliyobaki humo kwa hesabu ya leo ni mchanga. Bei zikibadilika, au mtambo wa rahisi zaidi ukipatikana, huenda siku moja yakawa madini tena.

Na hapo hapo kuna somo la upande wa pili, kwa sababu soko nalo si nabii. Base Resources haikuwahi kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Ilikuwa Australia na London. Mkononi ilikuwa na Kwale inayoishia na mradi mkubwa wa Toliara, Madagascar, ambao kwa hesabu za kampuni yenyewe, baada ya kutoa gharama na kupunguza kwa miaka, ulikuwa na thamani ya karibu dola bilioni 2. Lakini serikali ya Madagascar ilikuwa imeusimamisha tangu Novemba 2019. Aprili 2024, hisa ya Base ilikuwa ikiuzwa kama senti 10 na nusu za Australia, na kampuni nzima haikufika dola milioni 100 za Marekani. Bilioni 2 kwenye karatasi, chini ya milioni 100 sokoni. Pengo hilo lilikuwa bei ya muhuri wa serikali, ya fedha za ujenzi ambazo hazijapatikana, na ya kungoja.

Kisha kampuni ya Marekani, Energy Fuels, ikaja na kutoa ofa ya takriban senti 30 kwa hisa, karibu mara tatu. Ilikuwa imeona nini? Ina kiwanda chake Utah kinachoweza kutoa madini adimu katika monazaiti, chembe zinazopatikana ndani ya mchanga kama wa Toliara. Kwa mtu asiye na kiwanda, monazaiti ni mzigo wenye miale. Kwa mwenye nacho ni bidhaa. Ununuzi ulikamilika Oktoba 2024, na mwezi uliofuata Madagascar ikaondoa zuio. Aliyenunua Base kwa senti 10 kwa sababu alihesabu vizuri na kuvumilia alivuna. Kwa hiyo simwambii mtu hisa za madini ni kamari. Nasema kuna wanaohesabu na kuna wanaohesabiwa.

Njia ya mkato ipo, na wataalamu huitumia: kulinganisha. Unatazama kampuni nyingine zilizo katika hatua ile ile, zinauzwa kwa dola ngapi kwa kila wakia au tani iliyoko ardhini. Kwa dhahabu ambayo bado haina mgodi, wakia moja ardhini kwa kawaida hununuliwa kwa makumi ya dola, ingawa ikishachimbwa na kusafishwa huuzwa kwa maelfu. Mjomba alicheka aliposikia hivyo. Alisema hata nazi iliyoko juu ya mnazi haina bei ya tui.

Niongeze jambo moja kwa wasionunua hisa, kwa sababu linatuhusu sote. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii inayoishi pale. Nimesikia wanasiasa wakizungumza kana kwamba ni asilimia 20 ya mlima. Ni asilimia 20 ya mrabaha, na mrabaha wenyewe ni sehemu ndogo ya mauzo, na mauzo ni ya kile kilichotoka ardhini kikapakiwa melini. Katika kilima changu cha kubuni, kwa bei ya dola 250, mrabaha ni milioni 3 kwa mwaka. Kaunti ingepata dola 600,000, na jamii 300,000. Si fedha za kutupa, lakini anayekuahidi ghorofa kwa kila nyumba amezidisha penye kugawanya.

Turudi kwa mjomba. Nilimwandikia maswali matano nyuma ya ile karatasi: leseni ni ya nini na inaisha lini, ripoti ya madini imesainiwa na nani, kuna akiba au rasilimali tu, fedha za kujenga zitatoka wapi, na je, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji imeidhinisha hisa hizi ziuzwe kwa umma. Nikamwambia asinitaje mimi, aulize kama mtu anayetaka kununua, maana ndivyo alivyo.

Jumatatu alimpigia yule muuzaji. La kwanza alijibiwa kwamba mambo ya leseni "yanashughulikiwa Nairobi". La pili, kwamba ripoti ni siri ya kampuni. La tatu hakulielewa. Kabla ya kufika la nne, kijana akamwambia kwamba kwa kuwa yeye ni mzee wa heshima, angempunguzia hisa kutoka shilingi 200 hadi 150, lakini alipe kabla ya Alhamisi.

Mjomba alinipigia jioni ile ile. "Kitu chenye thamani ya elfu tatu," akasema, "mbona kimeshuka hamsini kwa simu moja?"

Shilingi laki tatu bado ziko benki. Anafikiria kujenga chumba cha pili cha kupangisha nyuma ya nyumba yake, na amenitaka nimpigie hesabu ya mabati.